Maswali ya Wakimbiaji: Mlima wa Mweka, Saa Inayozidisha na Maji Yanayozidi

Barua za safari hii karibu zote zimeelekea Moshi, ambako mbio za Kilimanjaro hukimbiwa kila mwaka mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi. Tumechukua zile zinazogusa wengi. Tumezipunguza urefu, ila maswali ni yaleyale.

Nilikimbia kilomita 21 kwa mara ya kwanza mwaka huu hapa Dar es Salaam. Tano za mwanzo nilizimaliza kwa dakika 28, nikijisikia vizuri kabisa. Kufika ya 14 miguu ikagoma. Nikawa natembea, nakimbia, natembea, hadi nikamaliza kwa saa 2 na dakika 35. Sasa nimejiandikisha nusu marathoni ya Moshi na nina wiki 12. Nifanyeje nisiishiwe tena? – Msomaji wa Tabata

Ndugu yetu, kosa ulilifanya ndani ya zile kilomita tano za mwanzo. Kilomita ya 14 ndipo deni lilipodaiwa.

Hebu tupige hesabu. Kilomita 5 kwa dakika 28 ni dakika 5 na sekunde 36 kwa kila kilomita. Zilizobaki, 16 na ushee, ulizitumia dakika 127, sawa na dakika 7 na sekunde 53 kwa kilomita. Ungeshika dakika 7 kamili tangu mstari wa kuanzia, ungemaliza kwa saa 2 na dakika 28 bila kutembea hata hatua moja. Hizo dakika saba hukuzipoteza kwa udhaifu wa miguu, ulizipoteza kwa kuanza kwa kasi isiyo yako.

Sababu zake ni mbili. Mwili unapokimbia huchoma mafuta na wanga kwa pamoja. Mafuta ni mengi hata kwa mtu mwembamba, lakini hutoa nguvu polepole. Wanga uliohifadhiwa kwenye misuli na ini hutoa nguvu haraka, ila una kikomo, na kadiri unavyoongeza kasi ndivyo unavyouchoma kwa wingi zaidi. Sababu ya pili ni joto la Pwani. Jasho hupoza mwili pale linapokauka tu. Hewa ikiwa na unyevu mwingi jasho linadondoka chini bila kukauka, moyo unalazimika kupeleka damu nyingi kwenye ngozi, na misuli inapunjwa.

Sasa mazoezi. Siku nne kwa wiki zinatosha: Jumanne, Alhamisi, Jumamosi, na Jumapili ya safari ndefu. Tatu kati ya hizo ziwe za mwendo wa taratibu kwelikweli. Kwa mtu anayelenga dakika 7 kwa kilomita kwenye mashindano, taratibu maana yake ni dakika 7 na sekunde 45 hadi 8 na sekunde 15, na asubuhi yenye fukuto ongeza sekunde 20 nyingine. Kipimo kisichohitaji saa ni mdomo wako. Ukiweza kusimulia jambo kwa sentensi ndefu bila kukata pumzi, uko sawa. Ukijibu kwa neno moja moja, umezidisha. Hapa ndipo klabu nyingi za jogging zinapowaumiza wanachama wake bila kukusudia: kundi lote linakimbia kwa mwendo wa yule mwenye mapafu makubwa kuliko wote, kila siku ni mashindano, na siku ya mashindano yenyewe watu wamekwisha kuchoka. Kama klabu yenu iko hivyo, kimbia nyuma bila aibu au muombe mwalimu agawe makundi mawili.

Safari ndefu za Jumapili zipange hivi: kilomita 10, 12, 13, kisha punguza hadi 9, halafu 14, 15, 16, punguza hadi 11, halafu 17, 19, kisha 12, na wiki ya mwisho ni Moshi. Zile wiki za kupunguza usiziruke. Mapafu na moyo huzoea upesi, lakini mifupa na kano huchukua miezi, na wiki hizo ndizo nafasi yao ya kuyafikia. Kuanzia wiki ya nne, Alhamisi iwe ya kasi: pasha mwili dakika 15, kimbia dakika 5 kwa mwendo unaokuruhusu kusema maneno matatu au manne tu, tembea au jikokote dakika 2, rudia mara nne. Kufikia wiki ya nane ziwe mara tano. Usizidishe hapo.

Moshi yenyewe ina sura yake. Nusu marathoni hupanda kuelekea Mweka, kwenye miteremko ya mlima Kilimanjaro, kisha hugeuka na kushuka kurudi mjini. Ni mpando wa takriban mita 300 uliotandazwa kwenye kilomita nyingi, hivyo mwanzoni huoni kama unapanda, unashangaa tu kwamba pumzi zimekuwa fupi. Mwinuko wa asilimia 3, yaani mita 3 juu kwa kila mita 100, humgharimu mkimbiaji wa mwendo wako sekunde 30 hadi 45 kwa kilomita wakati wa kupanda, na wakati wa kushuka hurudishiwi zote, ni kama nusu yake tu. Kwa hiyo panda kwa dakika 7 na sekunde 40, shuka kwa 6 na sekunde 40, na utaingia uwanjani karibu na saa 2 na dakika 31. Watakupita watu wengi sana kwenye kilomita tatu za mwanzo. Waache. Septemba 2025 kule Tokyo, Alphonce Simbu alimaliza marathoni ya dunia kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48, muda uleule na Mjerumani Amanal Petros, akamshinda kwa sehemu tatu za mia za sekunde. Petros alikuwa mbele hadi hatua za mwisho kabisa.

Mwaka jana nilikimbia Moshi. Kupanda sikupata tabu, kushuka ndiko kulikoniua. Kilomita nne za mwisho mapaja yalikuwa kama mbao, na siku tatu zilizofuata nilishuka ngazi kinyumenyume. Kucha mbili za vidole gumba zikawa nyeusi. Naishi Kigamboni, huku ni tambarare. Nafanyaje mazoezi ya mlima? – Msomaji wa Kigamboni

Dada, wengi hufanya mazoezi ya kupanda na kusahau kushuka. Unapopanda, misuli ya paja inajikunja ikikusukuma. Unaposhuka, misuli hiyohiyo inavutwa na kurefuka huku ikijaribu kukushika usianguke, yaani inafanya kazi ya breki. Kazi hiyo huchanachana nyuzi ndogondogo ndani ya msuli, ndiyo maana maumivu huja kesho yake na kufikia kilele siku ya pili.

Habari njema ni kwamba msuli hujifunza haraka. Ukishapata maumivu ya kushuka mara moja, mara inayofuata yanakuwa madogo sana, na kinga hiyo hudumu wiki kadhaa. Kwa hiyo unahitaji vipindi vitatu au vinne tu vya kushuka, cha kwanza wiki sita kabla ya mashindano na cha mwisho siku 10 hadi 14 kabla. Usifanye kipindi hicho ndani ya wiki ya mwisho, utasafiri na mapaja yaliyochanika.

Mahali: ukiweza kufika vilima vya Pugu Jumapili moja moja, ndiko bora. Tafuta mteremko wa mita 300 hadi 400 usio mkali, panda kwa kutembea, shuka kwa kukimbia, mara 6 kipindi cha kwanza, mara 10 cha mwisho. Usipoweza, tumia ngazi za jengo la ghorofa nne au tano: shuka ngazi moja moja kwa mwendo wa kudhibiti, panda ukitembea, dakika 15. Daraja la Kigamboni ni zuri kwa kuzoea kubadilisha mwendo, lakini mteremko wake ni mfupi mno kufanya kazi hii peke yake.

Wakati wa kushuka fupisha hatua na uharakishe miguu. Mguu utue chini ya kiuno chako, usitangulie mbele. Mtu anayeegemea nyuma na kurusha mguu mbele anatua kwa kisigino huku goti limenyooka, na kila hatua inakuwa breki.

Kucha zilipigwa na ncha ya kiatu. Kata kucha siku nne kabla, sio usiku wa kuamkia mbio. Kiatu kiwe na nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono mbele ya kidole kirefu zaidi cha mguu. Halafu tumia lile tundu la juu kabisa ambalo watu huliacha tupu: pitisha kamba upande uleule ili itengeneze kitanzi kidogo, fanya hivyo pande zote mbili, kisha vusha kila kamba ndani ya kitanzi cha upande wa pili ndipo uvute na kufunga. Kisigino kitashikwa na mguu hautateleza mbele.

Saa yangu ilionyesha kilomita 21.4 kwenye mbio zilizotangazwa kuwa ni za 21.1. Wenzangu wote walipata zaidi ya 21.3. Je, waandaaji walikosea? Nilikosa saa 2 kamili kwa dakika moja na nusu tu. – Mwalimu, Dodoma

Mwalimu, inawezekana kabisa kwamba njia ilipimwa sawasawa na saa zenu hazikuharibika. Tueleze namna njia inavyopimwa, kwa sababu jambo hili huzua ugomvi kila baada ya mashindano.

Njia ya mashindano yanayotambulika hupimwa kwa baiskeli iliyofungwa kihesabio kwenye gurudumu la mbele. Kwanza mpimaji huendesha baiskeli hiyo mara kadhaa kwenye kipande cha barabara kilichonyooka na kupimwa kwa futi kamba ya chuma, ili ajue mizunguko mingapi ni kilomita moja kwa tairi lile, kwa joto la siku ile. Kisha huendesha njia nzima akifuata mstari mfupi kuliko wote: kwenye kona hupita sentimita 30 tu kutoka ukingoni, na kona zikipishana hukata barabara kwa mstari ulionyooka kutoka moja hadi nyingine. Mwisho huongeza mita 1 kwa kila mita 1,000, ili njia isije ikawa fupi. Nusu marathoni ni mita 21,097.5, kwa nyongeza hiyo barabarani inakuwa kama mita 21,119.

Wewe hukimbii mstari ule. Ukikata kona ya mraba ukiwa mita 4 nje ya mstari wa mpimaji, umeongeza zaidi ya mita 6. Kona 20 za namna hiyo ni mita 125. Weka na kukwepa watu na kufuata meza za maji upande wa pili wa barabara. Juu ya hapo, saa hukisia mahali ulipo kwa satelaiti, na karibu na majengo marefu au chini ya miti minene kila nukta hukaa pembeni kidogo. Zikiunganishwa, mstari unakuwa wa nyoka na hivyo mrefu zaidi.

Kilichokukosesha saa 2 ni hesabu ya mwendo. Saa 2 kwa kilomita 21.1 ni dakika 5 na sekunde 41 kwa kilomita. Lakini kama saa yako itahesabu 21.4, unatakiwa kuona 5 na sekunde 36 kwenye kioo. Sekunde tano hizo mara 21 ni dakika moja na robo tatu. Mara nyingine zima ile sehemu ya saa inayohesabu kilomita yenyewe, na bonyeza kitufe kwa mkono kila unapopita kibao cha kilomita. Na kwenye kona, kata ndani.

Neno moja zaidi kwa haki: mbio nyingi za hisani mitaani kwetu hupimwa kwa gari au kwa simu, na "21" yake yaweza kuwa 20 au 22. Ni mbio nzuri, nendeni, changieni. Ila msilinganishe muda wa pale na muda wa njia iliyopimwa kwa baiskeli.

Niliambiwa ninywe maji kila kituo hata kama sina kiu. Nikafanya hivyo kwa saa 3 kwenye nusu marathoni. Mwishoni nilitapika maji, kichwa kikauma sana na pete ikakataa kutoka kidoleni. Watu wakasema nimepungukiwa maji, wakanipa mengine. – Mama wa watoto wawili, Tanga

Mama, pole sana. Tunakujibu kwa uzito, kwa sababu ushauri uliopewa ni wa hatari. Vidole kuvimba, kichefuchefu na kichwa kuuma baada ya kunywa maji mengi ni dalili za chumvi ya damu kuzimuliwa. Maji yakizidi uwezo wa figo kuyatoa, sodiamu kwenye damu hushuka, maji huingia ndani ya seli, na ubongo hauna nafasi ya kuvimba ndani ya fuvu. Mtu akianza kuchanganyikiwa au kupata degedege, asipewe maji. Apelekwe hospitali mara moja, na anayempeleka aseme wazi kwamba alikunywa maji mengi. Kwenye marathoni ya Boston mwaka 2002 wakimbiaji 488 walipimwa damu mwishoni, na asilimia 13 walikuwa na sodiamu iliyoshuka. Waliokuwa hatarini zaidi ni walioongezeka uzito njiani na waliokaa barabarani kwa saa nyingi, yaani wakimbiaji wa mwendo wa taratibu.

Kunywa kwa kiu. Ukitaka kujua mwili wako zaidi, jipime kwa mizani kabla na baada ya mazoezi, bila nguo zenye jasho. Kilo 1 iliyopungua ni kama lita 1 ya maji. Mfano: umeanza na kilo 64.0, umemaliza na 62.9, njiani umekunywa nusu lita. Umetoa jasho lita 1.6. Kama ulikimbia dakika 96, hiyo ni lita 1 kwa saa. Huna haja ya kuirudisha yote njiani. Kupungua asilimia 2 ya uzito hakuna neno. Ukiona uzito umeongezeka, ulikunywa kupita kiasi, basi.

Wengi huuliza pia kuhusu pakiti za ORS. Pakiti ya lita 1 ina glukosi gramu 13.5 tu. Imetengenezwa kwa ajili ya kuhara, chumvi yake ni ya kutosha lakini nguvu ya kukimbilia ni ndogo. Kwa mbio za zaidi ya dakika 90 tengeneza chako: lita 1 ya maji safi, vijiko vya chai 12 vya sukari vilivyosawazishwa, robo kijiko cha chumvi, na ndimu. Hapo una sukari karibu gramu 48. Soda kavukavu ina sukari zaidi ya gramu 100 kwa lita. Tumbo huchelewa kuipitisha, ndiyo inayochemka na kukupa kichomi. Na chochote utakachotumia, kijaribu kwanza Jumapili ya safari ndefu.

Jambo linaloambatana na hili: msimeze vidonge vya maumivu kama diklofenaki au ibuprofeni asubuhi ya mbio "ili kuzuia". Vinapunguza damu inayokwenda kwenye figo wakati ambapo figo tayari zinabanwa na joto na jasho, na vinazuia mwili kutoa maji yaliyozidi.

Raba mpya siziwezi. Nikienda mitumbani nitambueje raba nzuri ya kukimbilia? – Msomaji, Mwanza

Nenda alasiri, mguu ukiwa umevimba kidogo kama utakavyovimba mbioni, na vaa soksi zako za kukimbilia. Soli ya chini ikiwa nzima isikudanganye. Roho ya raba ni ile sponji ya katikati. Ibonyeze kwa gumba pembeni: ikiingia na kurudi, iko hai, ikiwa ngumu kama kipande cha mbao, au ina mikunjo mingi ya mlalo kama shingo ya kobe, imekwisha kazi. Iweke juu ya meza iliyo sawa, iangalie kwa nyuma. Ikilalia ndani au nje, mwenye nayo wa kwanza aliila upande mmoja na itakulaza hivyohivyo. Kamata kisigino na ncha, ikunje: ikatikie pale vidole vinapoanzia, sio katikati ya unyayo. Vuta soli taratibu kwa vidole ukitafuta gundi iliyoachia, kwa sababu raba iliyokaa stoo miaka mingi huachia gundi ndani ya wiki mbili za kuivaa, hata kama haikuwahi kuvaliwa kabla. Watengenezaji wengi huandika mwezi na mwaka wa kutengenezwa kwenye lebo ndogo chini ya ulimi, isome.

Raba mpya hudumu kilomita 500 hadi 800. Ya mtumba nzuri ihesabu nusu ya hapo. Usiianike juani baada ya kufua, ijaze magazeti na uiweke kivulini.

Ugoko unauma upande wa ndani tangu niongeze kilomita. Niendelee? – Msomaji, Singida

Pitisha kidole juu ya mfupa. Maumivu yakienea urefu wa sentimita 5 au zaidi na kupungua ukishapata joto, ni utando wa mfupa umezidiwa. Punguza kilomita kwa nusu kwa wiki mbili, kimbia kwenye udongo, na kila siku simama ukingoni mwa ngazi uinue visigino mara 15, seti tatu, kwanza magoti yakiwa yamenyooka, kisha yakiwa yamekunjwa kidogo. Yakiwa sehemu moja ndogo unayoweza kuifunika kwa ncha ya kidole, yakiuma hata usiku, au ukishindwa kuruka kwa mguu huo mmoja, acha kukimbia leo. Huenda mfupa una ufa, na ufa huponywa kwa wiki sita hadi nane za kupumzika. Nenda ukapigwe picha.

Mfungo ukiangukia katikati ya maandalizi nakimbia saa ngapi? – Msomaji, Unguja

Mwendo wa taratibu ufanye dakika 40 kabla ya magharibi, ili umalize adhana ikikaribia na maji yawe mkononi. Mazoezi ya kasi na safari ndefu yasogeze baada ya tarawehe, saa mbili tangu ufuturu, na futari ya kabla ya kukimbia iwe tende, uji na kipande cha muhogo au kiazi kitamu, bila vya kukaanga. Punguza kilomita za wiki kwa theluthi moja. Daku ichelewe kadiri inavyoruhusiwa, iwe na wanga na chumvi kidogo, na maji uyanywe kidogo kidogo tangu futari badala ya kubugia lita nzima dakika tano kabla ya alfajiri, maana hayo utayatoa yote chooni kabla jua halijachomoza.